Bi Kesho Aaga Chumba cha Maji ya Uvuguvugu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mtaalamu wa maabara ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Bi Kesho atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika hospitali hii. Ukiondoa miaka miwili ya mwanzo aliyoitumia kupima mkojo na kinyesi, kazi yake yote ameifanyia katika chumba kile kidogo mwishoni mwa korido ya maabara, chenye beseni la umeme la maji ya uvuguvugu na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka ya wodini.

Kwa desturi ukurasa huu wa jarida la hospitali huandikwa na mwenzake kazini. Safari hii mkuu wa maabara amemwomba mtu wa nje, mwanafunzi wa sekondari ambaye Bi Kesho amekuwa akimtoa damu tangu hajajua kutamka maneno vizuri. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu, na nimejitahidi pale ilipowezekana.

Sababu ya kuombwa mimi ni hii. Wenzake walipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, walikuwa wameshafikiria blanketi, seti ya vikombe na saa ya ukutani. Alivikataa vyote. Alisema saa amezitazama vya kutosha. Akaomba kitu kimoja tu: kwamba sababu ya sheria yake ya tyubu iandikwe hapa, nzima, bila kufichwa, ili akishaondoka watu wasidhani ulikuwa ukaidi wa mtu mzima. Ila sababu hiyo haikuwa mali yake peke yake. Nusu yake ilikuwa ya mama yangu, na mama yangu alikuwa hajatoa ruhusa.

Sheria yenyewe mnaijua. Tyubu iliyopimwa leo haioshwi leo. Inabaki kwenye maji ya uvuguvugu, imefunikwa, mpaka asubuhi, na asubuhi Bi Kesho huitazama tena kabla hajavua hata mtandio wake. Wanafunzi wa maabara wanaokuja kufanya mazoezi hunung'unika, kwa sababu tyubu za kioo hazitoshi na wao ndio hutumwa kwenda kuazima. Hapo ndipo lilipozaliwa jina lake. Wauguzi wakija kufuata majibu, aliwapa ya siku ile, kisha akaongeza kwamba mengine tutayaona kesho. Daktari mmoja wa upasuaji, mpenda utani, alimuuliza mbele za watu, leo yake huwa ni lini. Bi Kesho alimjibu bila kuinua macho kwamba ya leo ameshampa, aje kesho aone kama bado ni ya kweli.

Kwa wasiowahi kuingia mle, kazi ni hii. Damu ikitoka mwilini na kuwekwa kwenye tyubu ya kioo, huganda baada ya muda mfupi. Bi Kesho huiinamisha tyubu polepole, kama mtu anayechungulia kuona iwapo mtoto ameshalala. Bonge lisiposogea, anaandika kwamba damu inaganda. Kwa wagonjwa wengi hilo ndilo jibu lote linalohitajika.

Lazima joto liwe la mwili. Zamani, kabla ya jenereta, umeme ulipokatika hakusubiri mtu. Alizibana tyubu kwapani, mbili huku na mbili huku, akaendelea kutembea chumbani akiwa mkakamavu kama askari kwenye gwaride. Siku moja mgeni mkubwa alikuwa akitembezwa hospitalini, akafika mlangoni na kunyoosha mkono amsalimie. Bi Kesho alibaki ameganda yeye mwenyewe. Alipiga goti kidogo kwa heshima, mikono imebanwa mbavuni, na mgeni akaondoka akiwaambia wenyeji wake kwamba hajawahi kuona mtumishi mnyenyekevu kiasi kile. Wenzake walimwita Mnyenyekevu kwa mwezi mzima.

Wala hakuishia chumbani kwake. Mlinzi wa lango kuu atawaambia. Kazi yake ni ya kukaa, na alikaa kweli. Asubuhi moja Bi Kesho aliona kiatu cha mguu mmoja kimelegezwa kamba na kingine kimefungwa, akauliza. Mlinzi akasema mguu umevimba kidogo tu, umri huo. Bi Kesho alimpeleka kwa daktari akimshika kiwiko, na ikaonekana ana bonge la damu kwenye mshipa wa shavu la mguu. Baadaye alimweleza kwamba mwili una namna yake ya kuyeyusha mabonge, lakini damu ya mguu usiotembezwa huganda haraka kuliko mwili unavyoiyeyusha, na kipande kikikatika kinaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu na kumuua mtu aliyekuwa anacheka. Tangu siku hiyo, kila akipita getini humwamuru aende mpaka bombani na kurudi, na akichelewa kuinuka humuuliza kama miguu hiyo ameiazima. Mlinzi anasema amelinda watu maisha yake yote, na huyu ndiye wa kwanza kumlinda yeye.

Sasa nifike kwenye lile aliloliomba.

Nilikuwa na kaka. Miaka kumi na minne iliyopita, mimi nikiwa na miaka miwili na yeye kumi na mmoja, alianguka na baiskeli, akachanika juu ya jicho na kugonga kichwa. Aliletwa hapa akitokwa damu nyingi. Damu ikazuiliwa, akashonwa, na kwa kuwa ilikuwa imetoka kuliko kawaida, daktari akaagiza ipimwe. Bi Kesho aliipima. Iliganda vizuri, kwa wakati wake, bonge zuri kabisa. Akaandika hivyo, na alichoandika kilikuwa kweli. Kaka alikuwa macho, anaongea, anatembea. Akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Jioni ile Bi Kesho alisahau kuzitoa tyubu za siku kwenye maji. Asubuhi alizikuta humo. Zote zilikuwa na mabonge yaleyale ya jana, isipokuwa moja. Katika hiyo moja hapakuwa na bonge. Damu ilikuwa nyepesi, inacheza huku na huku alipoiinamisha. Mtu yeyote wa maabara angefikiria alichofikiria yeye: kwamba tyubu ilikuwa chafu, au kwamba imeingiwa na ile dawa ya kuzuia damu isigande inayotumika kwa vipimo vingine. Alijilaumu kwa uzembe, akaimwaga kwenye sinki, akaiosha na kuipindua ikauke.

Wakati huo kaka yangu alikuwa hai.

Mchana aliletwa akiwa amepoteza fahamu. Mshipa uliochubuka ndani ya kichwa ulikuwa umeziba siku ya kwanza, kama jeraha la nje lilivyoziba, kisha siku ya pili ukafunguka. Karatasi ya kuomba vipimo ilipofika tena maabara, Bi Kesho alisoma jina, akatazama sinki. Tyubu ilikuwa imeshakauka. Kaka hakufika siku ya tatu.

Nilipokuwa darasa la nne Bi Kesho alinieleza jambo hili kwa namna ambayo ningeielewa, nami sijapata maelezo bora katika kitabu chochote. Paa likitoboka, alisema, fundi mmoja anapanda na kufunika tundu kwa turubai. Tundu likishazibwa sawasawa kutoka ndani, anakuja fundi wa pili kulitoa turubai, uzi baada ya uzi, ili mambo yarudi kama yalivyokuwa. Wa pili asipokuja, turubai hubaki na kuziba njia, na ndiyo maana kuna watu wanaopooza au kupatwa na shambulio la moyo. Akija mapema mno, anafunua paa kabla tundu halijapona. Kwa hiyo mwili umeweka msimamizi wa kumshika mkono huyo wa pili na kumwambia asubiri. Sisi katika familia yetu msimamizi huyo hatunaye. Damu yetu inaganda kama ya kila mtu. Haikai.

Bi Kesho alikuja nyumbani kwetu siku ya pili ya msiba. Hakuna aliyemtuma. Aliyekuwa mkuu wake wakati huo alimsihi asiende, akisema hata kama angeitunza ile tyubu, huenda wote wangeamua ni sampuli mbovu na yaishe. Alienda. Alikaa kwenye mkeka miongoni mwa wanawake, na zamu yake ya kumpa mama pole ilipofika akamwambia: "Asubuhi niliiona damu yake imeyeyuka, nikaimwaga."

Mama alimuuliza kama alijua ni ya nani. Bi Kesho akasema jina lilikuwa limeandikwa juu yake, kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi yangu aliyekuwepo anasema mama hakupaza sauti. Aliinuka, akavitafuta viatu vya Bi Kesho kati ya viatu vyote vilivyokuwa mlangoni, akaviweka nje ya kizingiti vikielekea barabarani.

Kabla ya kuvivaa, Bi Kesho aliomba mtoto aliyebaki aletwe apimwe. Mtoto huyo ni mimi. Mama hakunileta. Ulipita mwaka. Kisha nikaanguka kwenye ngazi, nikapata uvimbe mdogo pajani ambao siku ya pili, badala ya kupungua, ulikuwa kama embe. Mama alinibeba mgongoni, akapita mapokezi bila kusimama, akapita mlango wa madaktari, akanikalisha juu ya meza ya chumba kile kidogo. Hakutoa hata salamu. Bi Kesho akanitoa damu. Wakakaa, mmoja upande huu wa beseni na mwingine upande ule, wakaitazama tyubu. Bonge likashika. Mama hakuondoka. Hakula. Mashuka ya pale nje yalianikwa, yakakauka, yakaanuliwa. Jua lilipoanza kuinama, kingo za bonge zikaanza kulegea.

Maabara kubwa ilithibitisha baadaye. Tangu hapo, nikiumia au nikihitaji kung'olewa jino, napewa dawa ya kulishikilia bonge lisiyeyuke kabla ya wakati, na ninabaki hapa hospitalini mpaka siku ya pili ipite salama. Ni maisha ya kawaida, isipokuwa sichezi mpira na nimesoma vitabu vingi mno.

Siyo mimi tu. Kuna mama aliyejifungua salama katika wodi ya wazazi na kuendelea kutokwa damu. Damu yake ilipopimwa iliganda, na Bi Kesho akapeleka jibu. Lakini tyubu ilibaki kwenye maji, kwa sheria ileile, na alipoitupia jicho baadaye kidogo akakuta inageuka kuwa maji. Alikimbia nayo mkononi mpaka wodini, kandambili moja ikabaki koridoni. Daktari alimsikiliza akiwa bado mlangoni, akaagiza dawa papo hapo, wakampa na damu. Mama yule alipona. Mtoto wake ni golikipa wa timu ya shule yetu, na kusema kweli ni golikipa mbovu, lakini namshangilia.

Kwa miaka kumi na mitatu mama yangu na Bi Kesho walionana katika chumba hicho, na mazungumzo yao yote yangetosha kwenye kiganja. Habari za kazi. Nzuri. Ameshamaliza? Ameshamaliza. Bi Kesho kila mwaka aliwasimulia wanafunzi wapya kosa lake, kwamba aliwahi kumwaga jibu la kweli akidhani ni uchafu. Hakuwasimulia lilimpata nani. Aliona hana haki.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani. Mama ni fundi cherehani na alikuwa kwenye mashine, ana sare za shule za kumaliza. Bi Kesho alisimama mlangoni akaeleza kwamba mashine mpya inakuja maabara, nzuri na ya haraka, na yeye haipingi, lakini nayo inajibu swali lilelile moja, kama damu inaganda. Beseni litatolewa. Watakaobaki watauliza kwa nini tyubu zitunzwe mpaka asubuhi, na jibu la "Bi Kesho alisema" halitamaliza hata msimu mmoja wa mvua. Anaomba wajue ni kwa sababu ya mtoto, na mtoto huyo alikuwa wa nyumba hii. Mama hakuondoa mguu kwenye pedali. Alisema amesikia.

Wiki zikapita. Mkuu wa maabara alipiga simu mara mbili kwamba jarida linakwenda kuchapwa. Nilipomuuliza mama, aliniambia nikafanye kazi zangu za shule.

Jumamosi iliyopita alifunga mashine mapema, akaniambia nimsindikize. Tulimkuta Bi Kesho akipanga vitu vyake kwenye katoni. Mama hakukaa.

"Andikeni," alisema. "Lakini msiandike la kwako peke yako."

Bi Kesho aliweka chini alichokuwa ameshika.

"Asubuhi ileile aliniambia kichwa kinamuuma, na mwanga unamchoma macho. Nilikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza. Nikamwambia akalale, asinisumbue. Na mimi nilimwona. Miaka yote hii nimekuachia ubebe peke yako."

Nilitegemea Bi Kesho amwambie kwamba halikuwa kosa lake, kama watu wanavyoambiana. Hakusema hivyo. Nadhani alijua kuliko mtu yeyote kwamba maneno hayo hayaingii. Alisogeza kigoda, mama akakaa, naye akakaa. Kisha akauliza jambo ambalo kwa miaka kumi na minne hakujiona ana haki ya kuliuliza: alikuwa mtoto wa namna gani.

Mama akamwambia. Alikuwa mpiga mluzi, wa vidole viwili, mpaka mbwa wa mtaa mzima wanakuja. Alikuwa mfunguaji wa vitu. Siku ile breki za baiskeli zilikuwa mezani, amezifungua azipake mafuta, akaona haina haja ya kuzirudisha kwa safari fupi ya kwenda dukani. Na alipokuwa anashonwa juu ya jicho alimuuliza muuguzi kama anaweza kumpigia mshono wa zigizaga, kwa kuwa mama yake anaweza. Hapo mama alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Bi Kesho akacheka pia, akafunika uso kwa mikono, na hakuufunua kwa muda mrefu.

Mengi kati ya hayo nami nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Neno msamaha halikutajwa na yeyote kati yao, nami silitaji. Sijui kama mzigo ukigawanywa baada ya miaka mingi hivyo huwa mwepesi. Walionekana wamechoka, wote wawili, kama watu waliotoka kuzika.

Mkuu wa maabara ameniomba niwajulishe kwamba beseni litabaki, kando ya mashine mpya, na kwamba damu ya kila mgonjwa aliyevuja kuliko kawaida itatunzwa mpaka siku ya pili. Sababu imebandikwa ukutani, kwa maneno ya mama.

Tulipokuwa tunaondoka, mama alitoa tepu yake ya kupimia kwenye mkoba, akamwambia Bi Kesho asimame wima. Akampima mabega, kifua, kiuno na urefu, akinitajia namba niziandike.

Bi Kesho, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa hospitali, na ya wale tuliobaki hai kwa sababu hukuridhika na jibu la siku moja, asante. Tunajua kile ambacho shukrani zetu haziwezi kukirudisha, nawe unajua kwamba tunajua. Unakokwenda kupumzika, nyumbani kwa mdogo wako, tunakuombea usingizi mrefu wa asubuhi, afya ya kukutosha na majirani wenye maneno machache mazuri. Ishi vyema, mama yetu, na uishi sana.

Gauni la kuagwa limeshakatwa. Mama anasema uje nyumbani ulijaribu kabla hajapiga pindo.